Kompyuta Kuukuu, Kazi Ileile: Upige Windows Ipi, au Uweke Linux?

"Fundi, nipigie Windows." Nikiuliza ipi, jibu ni "mpya." Nikiuliza mashine inafanya kazi gani, mtu ananiangalia kana kwamba nimemuuliza mshahara wake.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipofunga masasisho ya kawaida ya Windows 10, maswali yameongezeka maradufu. Wengi wana mashine nzima kabisa, ila Windows 11 inazikataa. Nimechoka kurudia maelezo yaleyale kwa kila anayeketi mbele ya meza yangu, basi nimeyaandika. Fuata kwa mpangilio. Kazi yako inatangulia, chuma kinafuata, mfumo endeshi (Windows, au Linux ambayo ni ya bure) unakuja mwisho. Wengi huanza na huo wa mwisho, ndiyo maana wanarudi kwa fundi kila baada ya miezi miwili.

Andaa hivi kabla ya kugusa chochote

- Flashi mbili. Moja ya GB 8 au zaidi ya kuwekea mfumo. Kila kilichomo kitafutwa. Nyingine, au diski ya nje, ya kuhifadhia mafaili yako.
- Kompyuta nyingine inayofanya kazi, hata ya kuazima kwa saa mbili.
- Bando la kutosha. Faili la Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, lina karibu GB 3, la Windows linapita GB 5. Shusha usiku kama mtandao wako una bando la usiku.
- Waya wa USB wa simu unaopitisha data. Nyaya nyingi za barabarani zinachaji tu. Utaona baadaye kwa nini nausisitiza.
- Chaja nzima. Betri ya laptopu ya mtumba haina ahadi, na umeme ukikatika katikati ya kusakinisha unaanza upya.
- Kalamu na karatasi.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, gonga Enter. Nakili mistari minne: Processor, System Type, BIOS Mode na Installed Physical Memory (RAM). Kisha fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza Disk, uone kama imeandikwa SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) au HDD (diski ya kuzunguka).

Prosesa ya Intel inasomwa hivi: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni kizazi cha 8. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Ikiwa tarakimu ni tano, kama i5-10210U, au ni nne zinazoanza na 1, kama i5-1135G7, soma mbili za mwanzo. Kibandiko cha "Core i5" pembeni ya kibodi hakikuambii kitu, maana i5 zipo tangu 2009.

Kwa HP EliteBook 840, ambazo zimejaa madukani kwetu, hesabu kwa kawaida ni hii: G1 ni kizazi cha 4, G2 cha 5, G3 cha 6, G4 cha 7, G5 cha 8. Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu (kwa AMD, Ryzen nyingi za mfululizo wa 3000 na kuendelea, na baadhi tu za 2000), TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Kwa hiyo G5 ya kizazi cha 8 inaingia kwa haki yake, na G4 inabaki nje ingawa kwa macho ni kama pacha wake. Ukinunua, geuza mashine usome chini. Muuzaji akisema "zote sawa tu, kaka", usibishane naye, soma tu.

System Type ikiandika "x86-based PC", Windows iliyomo ni ya biti 32. Hapo angalia prosesa yenyewe. Mara nyingi chuma ni cha biti 64, ila aliyepiga Windows alichukua CD ya biti 32. Nimeona mashine ya GB 8 inayotumia GB 3 na kidogo tu kwa sababu hiyo, na mwenyewe alikuwa anajichanga anunue RAM nyingine.

Hatua ya 2: Pima diski kabla ya kulaumu Windows

Mwalimu mmoja aliniletea HP yake ikiwa imepigwa Windows mara tatu ndani ya mwaka. Kila mara ilikimbia wiki mbili, kisha ikaanza kuganda. Niliiwasha, nikaweka sikio karibu na pale kiganja cha kushoto kinapoegemea chini ya kibodi: tik, kimya, tik tik, kimya. Diski ilikuwa inakufa. Programu ya CrystalDiskInfo ilionyesha rangi ya njano na neno Caution, na kwenye orodha, mstari wa Reallocated Sectors Count, unaohesabu sehemu mbovu za diski, ulikuwa umepanda. Mafundi watatu walilipwa, hakuna aliyeangalia.

CrystalDiskInfo ni ya bure. Ikionyesha Good, endelea. Ikionyesha Caution au Bad, toa mafaili yako leo, si kesho, kisha badilisha diski.

Na hata kama diski ya kuzunguka ni nzima, SSD ya inchi 2.5 ya SATA ndiyo hela bora utakayoitumia kwenye mashine ya zamani. Core i5 ya kizazi cha 3 yenye SSD inafunguka haraka kuliko kizazi cha 7 chenye diski ya kuzunguka. Baada ya SSD ndipo ufikirie RAM, na hapo tahadhari: laptopu za kizazi cha 4 kwa kawaida zinataka DDR3L ya volti 1.35. Ukichomeka DDR3 ya kawaida ya volti 1.5, huenda isiwake.

Hatua ya 3: Andika kazi tatu

Chukua ile karatasi, andika kazi tatu ambazo mashine hii inafanya kila wiki. Ziwe unazofanya kweli, si unazotamani. "Nitajifunza Photoshop" haihesabiki. Pembeni ya kila kazi andika programu unayotumia na printa au kifaa kinachohusika.

Hatua ya 4: Chagua

*Steshenari: kuchapa, kuprinti, picha za pasipoti.* Baki na Windows. Mimi ni mpenzi wa Linux, lakini siwezi kukudanganya. Mteja anakuja na CV ya Word yenye majedwali, anataka nakala tano, gari linamsubiri. LibreOffice, programu ya bure ya ofisi inayotumika kwenye Linux, itaifungua, ila mstari mmoja ukihamia ukurasa wa pili, lawama ni zako. Photoshop haipo kwa Linux. Na printa nazo: Canon LBP2900, ambayo bado iko kwenye maduka mengi, ina draiva ya Linux ya kizamani yenye kusumbua. Mashine ikiwa kizazi cha 8 na kuendelea, weka Windows 11. Ikiwa chini ya hapo, Windows 10 toleo la 22H2 pamoja na mpango wa masasisho ya ziada ya usalama, ambao kwa watu binafsi unakwenda hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha ndani ya Windows Update kwa akaunti ya Microsoft. Huko ni kusogeza muda tu, lakini muda nao ni mtaji.

*Hesabu za duka.* Kama unatumia Tally au QuickBooks ya kusakinisha, ni Windows, hakuna mjadala. Vivyo hivyo mafaili ya Excel yenye makro, zikiwemo fomu za kodi: LibreOffice inaweza kuyafungua halafu kitufe cha kuhakiki kikakataa kufanya kazi.

*Mwanafunzi: kusoma, kuandika, mitihani ya nyuma ya NECTA ya PDF, video.* Hapa Linux Mint inatamba. RAM ya GB 4 na zaidi, chukua Mint yenye Cinnamon (mwonekano wake mkuu) kama una SSD. Chini ya hapo chukua Xfce, ambayo ni nyepesi. Mfululizo wa Mint 22 unapata masasisho hadi 2029. Inakuja na LibreOffice, Firefox na kichezeshi cha video, na virusi vile vya flashi vinavyogeuza mafolda kuwa shotikati havifanyi kitu humo. Ongeza Kiwix, ushushe Wikipedia mara moja, mtoto asome bila bando.

(Kama unadhani programu huria kwa Kiswahili ni jambo jipya: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Wengi wanaonicheka nikitaja Linux walikuwa bado shule ya msingi.)

*Intaneti peke yake: barua pepe, YouTube, WhatsApp ya kwenye kompyuta.* Mint tena. ChromeOS Flex ya Google nayo ni ya bure, inataka prosesa ya biti 64 ya Intel au AMD, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 16. Ni nyepesi kutumia na haina mambo mengi. Lakini haina Play Store, kwa hiyo usitegemee kuweka programu za simu, na bando likiisha mashine inabaki pambo. Kwa ofisi yenye Wi-Fi ya kudumu, sawa. Kwa nyumba ya kununua bando la saa, hapana.

*Mashine inayoendesha kifaa kimoja.* Kuna mafundi wa kudarizi na wakata stika ambao programu yao inajua Windows XP au 7 tu. Iache hivyohivyo! Kosa pekee ni kuiunganisha na intaneti. Windows 7 iliachwa tangu Januari 2020, na Chrome ya mwisho kwake ni toleo la 109. Zima Wi-Fi, toa waya wa mtandao, na flashi inayoingia humo ipite kwanza kwenye mashine nyingine yenye antivairasi.

*RAM ya GB 2 kushuka chini, au prosesa ya biti 32 kama Atom N270.* Weka antiX, Linux nyepesi sana, toleo la 23, lenye faili la biti 32. Debian, Linux ambayo antiX imejengwa juu yake, katika toleo la 13 lililotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, kwa hiyo mlango huu unafungwa. Utaandika, utasikiliza muziki, utasoma PDF. YouTube itakutesa.

Core 2 Duo haiko kundi hilo. Ni ya biti 64 na Mint Xfce inakwenda vizuri ikiwa na GB 4. Windows 11 ndiyo haiwezi kabisa: tangu toleo la 24H2 inataka amri za prosesa ambazo Core 2 Duo haikuzaliwa nazo, hata ukiruka ukaguzi.

Kuhusu kuruka ukaguzi: ndiyo, Rufus, programu ya bure ya kutengeneza flashi za kusakinisha, inaweza kutengeneza flashi ya Windows 11 isiyouliza TPM, na kwenye kizazi cha 6 au cha 7 inakimbia. Ila Microsoft haikuahidi masasisho, na toleo jipya la mwaka mara nyingi utalipiga kwa mkono. Kwa mashine ya nyumbani, shauri yako. Kwa mashine yenye hesabu za watu, sifanyi.

Na zile Windows "Lite" zilizopunguzwa, zenye kreki ndani, achana nazo. Aliyetoa Defender (antivairasi ya Windows) humo hujui ameweka nini badala yake.

Hatua ya 5: Hifadhi mafaili

Nakili Documents, Desktop, Downloads na Pictures kwenye flashi ya pili. Fungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye hiyo flashi kuhakikisha yamekwenda.

Tahadhari tatu hapa:

- Diski D si salama kwa sababu ni D. Mara nyingi C na D ni vipande vya diski moja, na kisakinishi kikifuta diski nzima, vyote vinakwenda.
- Kama kuna BitLocker (kufuli la Windows linaloficha yaliyomo kwenye diski), izime au andika ufunguo wake kabla ya kugusa BIOS (mipangilio ya ndani inayoiwasha mashine).
- Flashi feki zipo tele. Inajiita GB 64, ndani ni 8. Mafaili yanaingia kisha hayafunguki. Ipime kwa H2testw kabla ya kuiamini na picha za harusi.

Hatua ya 6: Tengeneza flashi ya kusakinisha

Shusha faili la ISO (lenye mfumo mzima ndani) kutoka tovuti rasmi ya mfumo wenyewe, si kwenye kundi la Telegram. Lihakiki: fungua Command Prompt kwenye folda lilipo, andika `certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256`, linganisha herufi za mwanzo na za mwisho na zilizo kwenye tovuti. Zikitofautiana, faili limeharibika njiani. Shusha tena.

Fungua Rufus, chagua flashi, chagua ISO. Ukiona BIOS Mode kwenye hatua ya 1 ni UEFI, chagua GPT. Ikiwa Legacy, chagua MBR. Kosa hili pekee linaleta nusu ya simu za "fundi, flashi haionekani".

Hatua ya 7: Iwashe kutoka kwenye flashi, ujaribu

Zima mashine kabisa. Iwashe huku ukigongagonga kitufe cha menyu: F12 kwa Dell, Lenovo, Toshiba na Acer nyingi, F9 kwa HP, Esc kwa Asus nyingi. Ikidai nenosiri la BIOS usilolijua, huenda mashine ilitoka ofisini kwa mtu na haikufunguliwa, mrudishie muuzaji. Hii ni ya kujaribu kabla ya kulipa.

Linux Mint itafunguka bila kugusa diski. Usikimbilie kusakinisha. Jaribu Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini, kamera, kisha funga kifuniko na ukifungue uone kama inaamka. Chomeka printa, chapa ukurasa mmoja. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kutoka flashi. Usiihukumu kwa hilo.

Hatua ya 8: Sakinisha

Kisakinishi cha Mint kitakuuliza: ifute diski yote, au ikae pamoja na Windows? Soma mara mbili. Kwa diski ya GB 128 usiweke vyote viwili, utabanana. Kwa GB 256 na kuendelea inawezekana. Iachie Mint GB 60 hivi.

Ikimaliza, toa flashi, washa, kisha fanya masasisho kabla ya kuanza kupamba mandhari. Kwa Windows, kama mashine ilikuja na leseni yake ya Windows 10 iliyokwisha amilishwa, ruka sehemu ya namba ya leseni na uweke toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro. Ikiingia mtandaoni itajitambua yenyewe.

Mambo yakigoma

*Wi-Fi haipo kwenye Mint.* Mara nyingi ni kadi ya Broadcom kwenye Dell na HP za zamani. Sasa ule waya: unganisha simu kwa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB kwenye simu, mashine itapata mtandao papo hapo. Fungua Driver Manager, weka draiva, washa upya.

*Skrini nyeusi baada ya nembo.* Kwenye menyu ya kwanza ya flashi chagua compatibility mode. Baada ya kusakinisha, weka draiva ya kadi ya picha.

*Saa ya Windows iko nyuma kwa saa tatu baada ya kuweka Linux pembeni.* Huku kwetu ni tatu kamili, kwa sababu Linux huandika saa ya kimataifa kwenye ubao mama na Windows huisoma kama saa ya hapa. Ndani ya Mint fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), andika `timedatectl set-local-rtc 1`.

*Kila tovuti inadai muunganisho si salama.* Angalia tarehe. Ikiwa imerudi miaka nyuma kila ukizima, betri ndogo ya ubao mama imekufa. Kwenye kompyuta za mezani ni CR2032, ile ya saa na mizani, unaibadilisha kwa kucha. Kwenye laptopu nyingi inakuja na kiwaya chake, itabidi ufungue.

*Diski ya Windows inasomeka tu, haiandikiki, ukiwa Linux.* Windows haikuzimwa, ilisinzia. Rudi Windows, shikilia Shift huku ukibonyeza Shut down.

*HP LaserJet 1020 au P1102 inaonekana ila haichapi.* Inataka kiongezi cha HP. Kwenye terminal andika `hp-plugin`, kubali, subiri.

*Barua ya Word imehamahama kwenye LibreOffice.* Weka fonti za Carlito na Caladea, ambazo zina vipimo sawa na Calibri na Cambria. Ukimtumia mtu, mtumie PDF.

*Bado ni nzito.* Una SSD? Kama hapana, rudi hatua ya 2. Kama ndiyo, gusa tundu la feni. Likiwa la moto na halitoi upepo, vumbi limejaa na prosesa inajipunguza mwendo ili isiungue. Hilo halitibiwi na mfumo endeshi wowote.

Ukikwama nje ya haya na ukataka kuniuliza, usianze na "fundi, kompyuta yangu haifanyi kazi." Nitumie ile mistari minne ya `msinfo32`, rangi ya CrystalDiskInfo, na zile kazi tatu za kwenye karatasi.